Deni la Daftari: Korona Imepita, Muuza Duka Hajalipwa

Ndugu msomaji, katika mtaa mmoja wa mji wetu wa Singida duka dogo la rejareja limefungwa. Halikufungwa na bwana afya, halikuungua, wala mwenyewe hakuhama. Limefungwa kwa sababu rafu zake zilikaa tupu kwa miezi mingi, na mwenye duka, mama wa makamo aliyewauzia majirani zake unga, sukari, chumvi na mafuta ya alizeti ya kupima, hakuwa tena na mtaji wa kuzijaza. Tulipokwenda kumpa pole alitutolea daftari la jalada gumu lililochakaa pembeni. Mtaji wake wote ulikuwa humo. Kurasa baada ya kurasa za mwaka 2020: Mama Mpangaji, unga kilo 2, mafuta robo. Mwalimu, sabuni miche 2, sukari nusu. Dereva, mchele kilo 1, atalipa akirudi safari. Jumla ya yaliyobaki bila kufutwa inapita laki sita.

Tuliwauliza wawili watatu miongoni mwa wale ambao majina yao yamo katika daftari hilo. Hawakukana. Mmoja, mtu mwenye heshima zake, alicheka na kutuambia kwa utulivu kabisa: "Hayo ni mambo ya korona ndugu zangu, yalishapita."

Tunaandika makala haya kuipinga kauli hiyo, na hatutaomba radhi kwa ukali wetu. Kilichopita ni ugonjwa. Deni liko pale pale, na lilipo dhulma ipo, na miongoni mwa waliodhulumu wamo watu wa safu ya mbele msikitini.

Tukumbushane, maana tumekuwa wepesi wa kusahau. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyepatikana Arusha. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Aprili 29 ikatolewa hesabu iliyojumlisha wagonjwa 480 na vifo 16, na baada ya hapo Tanzania Bara haikutoa tena takwimu kwa zaidi ya mwaka. Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Mwenye duka la mtaani, fundi cherehani na mama lishe wa stendi waliachwa waamue wenyewe kila asubuhi kama hatari imezidi au imepungua, kama wasogee mbali na mteja au wamkaribie, kama wanunue bidhaa nyingi au wangoje. Hawakuwa na hesabu yoyote mkononi. Walikuwa na macho yao, masikio yao, na idadi ya mazishi waliyohudhuria.

Nao wakaamua. Muuza duka aliweka ndoo yenye koki juu ya stuli mlangoni, beseni chini yake, na kipande cha sabuni kando. Msomaji wa mahali penye neema ya mito huenda akaona hilo ni jambo dogo. Huku kwetu mvua hukoma kuelekea Mei, na baada ya hapo mwenye kukosa bomba hununua maji kwa dumu kutoka kwa watu wa mikokoteni. Kila mkono ulionawa pale mlangoni ulinawa kwa fedha ya mwenye duka, na wengi walionawa hawakununua kitu. Mafundi wa kuchomelea, ambao kazi yao ilikuwa madirisha na mageti, walibuni vyombo vya kunawia vya kukanyaga kwa mguu ili mtu asishike koki. Akina mama waliokuwa wakitengeneza sabuni ya maji kwa ajili ya kufulia waliitia katika chupa za maji zilizokwisha kutumika na kuisambaza katika maduka, wakilipwa baada ya kuuzwa. Vijana wa bodaboda walipigiwa simu na wazee wasiotaka kwenda sokoni, wakawapelekea vitunguu, unga na dawa za sukari na presha, mara nyingine kwa nauli ile ile ya abiria mmoja, mara nyingine kwa "nitakupa kesho".

Kisha daftari. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna aliyelipiga picha.

Wapo wanaodai kwamba Tanzania hatukufungiwa ndani, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara aliyeumia. Tukubali ukweli ulivyo: ni kweli kwamba Serikali ya Rais Magufuli ilikataa kuwafungia watu ndani, na kwa mchuuzi anayekula alichokipata siku hiyo hiyo, uamuzi huo ulikuwa nafuu kubwa. Hatuwezi kuukana wema huo kwa sababu tu tunayo mengine ya kulalamikia. Lakini hoja yao inaishia hapo. Shule zilifungwa tangu Machi 17 hadi Juni 29, 2020, ukiondoa kidato cha sita na vyuo waliorejea Juni 1. Muuza maandazi wa lango la shule alimuuzia nani katika miezi hiyo? Mwalimu wa shule binafsi alilipwa na nani wakati ada hazilipwi? Singida iko juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma kwenda Nzega, na kutoka hapo Mwanza, Kagera, Rwanda, Burundi na Kongo. Wengi kwetu wanaishi kwa jicho la barabara hiyo: wauza kuku wa kienyeji, asali, vitunguu na mafuta ya alizeti, wapika chakula, wenye vyumba vya kulala wageni, mafundi wa matairi. Rwanda ilipotaka madereva wa malori wabadilishane mpakani Rusumo, na Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria Mei 16, 2020, msukosuko ulifika mpaka kwenye sufuria ya mama lishe wa kando ya barabara. Hakuna aliyemfungia. Wateja wake ndio waliopungua.

Basi watu hao wote, mwalimu asiyelipwa, dereva aliyekwama, muuza maandazi asiye na shule, walikwenda wapi kula? Walikwenda dukani kwa mama. Hawakwenda benki, wala ofisi ya mkuu wa wilaya, wala, tuseme kweli, msikitini. Walisimama mbele ya dirisha lenye nondo, wakasema "Mama shikamoo, niandikie", naye akaandika. Aligawa sukari katika vifuko vya robo na nusu ya robo ili kila mtu apate. Alikopesha bila riba, bila dhamana, bila shahidi, kwa watu ambao wengine aliwajua kwa rangi ya nyumba zao tu. Hiyo ndiyo karadha njema ambayo wahadhiri wetu huisomea vitabu, nayo ilitendwa na mwanamke asiyejua hata kwamba ina jina la Kiarabu.

Tuje kwa fundi cherehani, kwa sababu habari yake inafundisha namna hasara ilivyowafika watu hawa. Aprili na Mei 2020 barakoa za dukani ziliadimika na bei zake kupaa. Mafundi wakageuza cherehani zao. Waliacha magauni na sare za shule, ambazo hata hivyo hazikuwa na wateja, wakanunua vitenge na mpira wa kuvuta, wakashona barakoa. Aliyekuwa na akiba aliitumia, asiyekuwa nayo alikopa kitambaa kwa muuza vitambaa. Kisha mwezi Juni ikatangazwa kwamba korona imekwisha nchini kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Sisi hatuna ubishi na uwezo wa Mwenyezi Mungu. Tunasema tu kwamba katika juma moja barakoa ilitoka usoni mwa watu, na fundi akabaki na mafungu ya vipande vilivyokwisha kukatwa. Kitenge kikishakatwa kwa kipimo cha barakoa hakirudi kuwa gauni. Kinakuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Februari 2021, wimbi jingine lilipokuwa limeingia, Rais mwenyewe aliwahimiza wananchi wavae barakoa zilizotengenezwa hapa nchini badala ya zile za kutoka nje. Agizo zuri kwa mafundi, ila lilimkuta fundi wetu mmoja akiwa ameuza cherehani ya pili ili amlipe muuza vitambaa.

Hapa atainuka mtu na kusema: mbona wafanyabiashara walitajirika na korona? Tunamjibu kwamba asiwachanganye watu. Walikuwapo waliotajirika. Walikuwapo walioficha barakoa na vitakasa mikono hadi bei ilipopanda. Walikuwapo walionunua ndimu, tangawizi na vitunguu saumu kwa magunia walipoona watu wamekimbilia nyungu, wakaviachia kidogo kidogo kama dhahabu. Ramadhani ya mwaka 2020, iliyoanza mwishoni mwa Aprili, ilikuta sukari imeadimika, na Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi kwa mikoa. Jambo hilo lina jina katika sheria yetu, ni ihtikari, na hukumu yake hairembwi: ni haramu. Lakini nani aliyeshika sukari ile? Mwenye ghala, au mama anayenunua mfuko mmoja kwa mkopo na kuupima kwa kijiko? Mkaguzi wa bei alipopita mitaani alimkuta nani? Alimkuta yule wa rejareja, kwa sababu ndiye mwenye mlango ulio wazi. Mwenye ghala mlango wake ulikuwa umefungwa, na funguo aliondoka nazo. Hivyo mtu aliyenunua kwa bei ya dhulma akaitwa dhalimu, huku dhalimu akibaki bila kuulizwa.

Kuhusu wenye mamlaka hatutasema mengi, kwa maana mengi yamekwisha kusemwa. Mei 2020 Benki Kuu ilishusha riba inayowatoza mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikapunguza kiwango cha amana ambacho mabenki hutakiwa kuweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, na kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kikapandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Hatua za busara, bila shaka, kwa mwenye milioni 5 za kutuma kwa siku. Mama mwenye daftari hakupata chochote ndani yake. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, kwa sheria ya mwaka 2018: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpango mwema kabisa. Lakini wanawake na vijana hutakiwa wawe katika kikundi, na fundi mwanamume wa miaka hamsini asiye na ulemavu hana fungu lake, na hata hiyo ilisitishwa Aprili 2023 isirejee hadi 2024. Oktoba 2021 ukazinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya kupambana na athari za korona, na madarasa 15,000 yakajengwa nchini. Watoto wetu wanasoma humo, tunashukuru. Mwezi huo huo wa Oktoba, mikoani kote, wamachinga walikuwa wakiondolewa barabarani, vibanda vikivunjwa, wakielekezwa kwenye maeneo ambayo mengine hayakuwa na choo wala mteja. Wale wale waliokuwa wametakiwa walipie vitambulisho vya shilingi 20,000 tangu Desemba 2018 ili wasibughudhiwe! Tunaiachia Serikali ijitafakari yenyewe.

Tunalotaka kulisema kwa sauti linatuhusu sisi.

Ndugu msomaji, muda wote huo mimbari zetu zilikuwa wapi? Tulihutubia kuhusu subira, kuhusu dua na kuhusu kutoeneza hofu. Yote ni haki. Ni khutba ngapi zilizozungumzia wajibu wa kumlipa muuza duka? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haihusu swala wala saumu. Inahusu deni na kuandikwa kwake. Kila mwanafunzi wa madrasa amefundishwa hivyo, na kila mwanafunzi wa madrasa amemwona baba yake akipita njia ya nyuma ili asionekane na mwenye duka.

Na tusijifiche nyuma ya wengine. Mwezi Aprili 2020 kamati ya msikiti mmoja ambayo baadhi yetu tulikuwa wajumbe wake ilimwendea fundi wa kuchomelea na kumwomba atengeneze vyombo vinne vya kunawia kwa ajili ya milango ya msikiti. Alitengeneza kwa siku tatu, usiku na mchana, kwa vyuma vyake. Tulimwombea dua mbele ya waumini. Tulimpa nusu ya fedha. Nusu iliyobaki tulimwahidi baada ya Ijumaa mbili. Ijumaa mbili zikawa Ramadhani, Ramadhani ikawa Hija, na Juni tulipoambiwa ugonjwa umekwisha tukaviondoa vyombo vyake milangoni, tukavirundika nyuma ya vyoo, na deni lake tukalirundika pamoja navyo. Fundi huyo aliendelea kuswali nasi. Hakutudai. Nasi tukaifasiri haya yake kuwa ni msamaha.

Hili ndilo kosa tunalotaka lifahamike. Kusamehe deni ni tamko la mwenye kudai. Mdaiwa hana mamlaka ya kujisamehe kwa kuhesabu miaka, wala kwa kusema kwamba kila mtu alikuwa na shida. Ikiwa yule mama amenyamaza ni kwa sababu anakaa nao mtaa mmoja, wanazikana, wanaarusiana, na anaona aibu kugonga mlango wa mwalimu wa mtoto wake kwa ajili ya sabuni miche miwili. Alipokosa mtaji alichukua mkopo kwa watu wa kausha damu ili ajaze rafu. Mtu aliyewakopesha majirani zake bila riba akaishia kulipa riba kwa mgeni, kila juma, huku majirani wakipita mbele ya duka na kustaajabu kwamba siku hizi hana bidhaa. Mafuta ya kula yalipopanda bei mwaka 2021 na 2022, robo iliyoandikwa katika daftari kwa bei ya 2020 haikuweza tena kununua robo. Kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa unamnyang'anya kidogo, na mnyang'anyi hakuwa na panga. Alikuwa jirani mwema mwenye salamu nzuri.

Wengine hawana kweli. Hao hatuwalaumu, na mwenye kudai akiwapa muda atakuwa amefanya wema juu ya wema. Tunazungumza na waliojenga tangu wakati ule, walionunua pikipiki, waliofanya harusi za kufunga barabara, waliovuna alizeti misimu kadhaa na kuiuza.

Wala msidhani kwamba ni mambo ya kale. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Kagera, na Januari 2025 ukathibitishwa tena huko huko, wilayani Biharamulo. Ulidhibitiwa, na pongezi zinawastahili waliofanya kazi hiyo. Lakini mabasi na malori ya Kagera hupita hapa kwetu Singida usiku na mchana. Siku ugonjwa mwingine utakaposhuka stendi, nani ataweka ndoo mlangoni kwa maji ya kununua? Nani atawaandikia watu unga? Tulimwuliza fundi cherehani kama angeshona barakoa tena. Alitujibu kwamba angeshona, ila kwa fedha taslimu, ikiwekwa mezani kabla ya kitambaa kukatwa. Hatukuona la kumlaumu.

Kwa hiyo tunazitaka kamati za misikiti yetu, kuanzia Manyoni hadi Kiomboi na Ikungi hadi Nduguti, zifanye jambo ambalo halihitaji mfadhili wa nje. Zikague kwanza madeni yao wenyewe ya miaka ile na kuyalipa. Kisha ziwatazame wafanyabiashara wadogo walioelemewa na madeni kwa sababu ya kuwakopesha watu, maana wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na hatujawahi kusikia kamati yoyote huku kwetu ikiwahesabu. Zaka yetu huishia kwa maskini tunaowajua kwa sura, jambo lisilo baya, huku fungu la wenye madeni likisomwa darasani tu. Maimamu nao watutajie deni la daftari Ijumaa moja, kwa jina lake, bila mafumbo.

Fundi wa kuchomelea tumemlipa nusu iliyobaki. Tulimwongezea kidogo kwa ajili ya kuchelewa, akakataa nyongeza hiyo, tukamwachia mwanawe kwa ajili ya madaftari ya shule. Kati ya vyombo vinne, viwili vimeshika kutu na viwili bado vinakanyagika. Hivyo viwili tumevirudisha mlangoni.

Ama yule mama, ametupa ruhusa ya kuwatangazia wanaohusika jambo moja. Hadai bei ya leo wala fidia. Anadai kiasi kile kile alichoandika mwaka 2020, na anayetaka kulipa kwa mafungu atampokea. Duka limefungwa, lakini daftari liko nyumbani kwake, na baada ya alasiri huwa yupo.